Wazee Wenye Kusahau na Sanaa za Watu wa Pwani

Ndugu msomaji, iko misiba isiyokuwa na matanga. Baba yu hai, anakula na kutembea, lakini hamjui mwanawe. Mama aliyelea watoto na wajukuu anauliza njia ya kwenda uani katika nyumba aliyokaa miaka 40. Majirani nao wana majina yao kwa jambo hili. Wako wasemao amerogwa, wako wasemao amepandwa na mashetani, na walio wengi husema ni uzee tu. Kisha mlango wa chumba hufungwa, na mgeni akija kuamkia huambiwa mzee amelala.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa njia ya historia. Ustaarabu wa Kiislamu ulilijua zamani, na matabibu wake wakaliandikia. Nasi watu wa pwani, bila ya kukusudia, tuliweka akiba ya kulikabili: kisomo cha chuoni, kasida, dufu, ukili, kofia, nyavu, na kila sanaa ambayo ulimi na mkono hushikishwa tangu udogo. Akiba hiyo ndiyo mzee hubaki nayo wakati majina ya watu yamekwisha kumtoka. Na mara nyingi ni sisi wenyewe tunaomnyang'anya, kwa kudhani kwamba asiyejua leo ni siku gani hajui kitu chochote.

Qur'ani Tukufu imeutaja umri huo mahali pawili, katika Surat An-Nahl aya ya 70 na katika Surat Al-Hajj aya ya 5, kuwa ni umri ulio dhaifu kabisa, ambao mtu hurudishwa humo hata elimu aliyokuwa nayo ikamwondoka. Na Surat Yasin, ambayo sidhani kama iko nyumba ya Kiislamu hapa Msasani isiyoisoma, inaigusa maana hiyo katika aya ya 68. Tazama, msomaji: aya hizo hazisemi kwamba mtu huyo amerogwa, wala kwamba analipwa kwa dhambi aliyoitenda. Ile ya Surat Al-Hajj imelitaja jambo hili katika mfululizo mmoja na mimba, kuzaliwa na utu uzima. Ni hali miongoni mwa hali za binadamu.

Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu amkinge na umri huo. Bukhari ameipokea dua hiyo kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas, na katika mapokezi yake mna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Imepokewa kwamba Saad alikuwa akiwafundisha wanawe maneno hayo kama mwalimu anavyowafundisha watoto kuandika. Yaani dua ya kujikinga na kusahau ilitiwa vifuani kwa njia ya chuoni, kwa kurudiarudia mpaka ikakaa. Liweke jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

Katika mji wa Qayrawan, ulio katika nchi ya Tunisia ya leo, aliishi katika karne ya 10 miladia tabibu aliyeitwa Ibn al-Jazzar. Huyu aliandika risala nzima juu ya usahaulifu na dawa zake. Alifuata elimu ya Wayunani iliyokuwa mikononi mwa matabibu wa zama zake, kwamba makao ya kumbukumbu ni sehemu ya nyuma ya ubongo, na kwamba huharibika kwa kuzidiwa na baridi na unyevu. Leo hakuna daktari ashikaye kauli hiyo. Lakini angalia alichokifanya: alilichukua jambo ambalo watu wangelipeleka kwa wapiga ramli, akalifanya kuwa ni maradhi yanayotafutiwa sababu na kupimiwa dawa. Risala yake ilifika Ulaya kwa lugha ya Kilatini.

Ulaya yenyewe ilikaa miaka mingi sana baada ya hapo kabla ya kuifahamu sababu iliyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt nchini Ujerumani, daktari Alois Alzheimer aliletewa mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akisahau hata jina la mumewe. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake akakuta umesinyaa, umejaa mabaka na nyuzi zilizosokotana, na mwaka huohuo akawaeleza madaktari wenzake. Mwaka 1910 maradhi hayo yakapewa jina lake. Siku hizi madaktari huyakusanya maradhi yote ya namna hii chini ya jina moja, demensia. Mengi katika hayo ni ya Alzheimer. Mengine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika kwa sababu ya presha, kisukari na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye demensia mwaka 2021, na zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama hizi zetu.

Sasa nakuomba, msomaji, urudi pamoja nami katika miji ya Waislamu. Huko walijenga hospitali kwa mali ya wakfu, wakaziita bimaristani. Ya Sultan Nuruddin ilisimama Damascus mwaka 1154, na ya Sultan Qalawun ilisimama Cairo mwaka 1284. Humo walitibiwa pia wale waliovurugikiwa na akili, katika zama ambazo katika nchi nyingine watu hao walikuwa wakifungwa minyororo. Iliyonivutia zaidi mimi ni ile ya Sultan Bayezid wa Pili, iliyokamilika mwaka 1488 katika mji wa Edirne, nchini Uturuki. Msafiri wa Kituruki Evliya Çelebi, wa karne ya 17, ameandika kwamba wakfu wa hospitali hiyo ulikuwa ukiwalipa waimbaji na wapigaji 10, wakija mara 3 kwa juma kuwaimbia wagonjwa na wenye akili zilizovurugika. Tena ametaja kwamba wagonjwa walikuwa wakipewa maua yenye harufu nzuri. Jengo lile liko mpaka leo, limekuwa makumbusho ya utabibu.

Najua kwamba wako watakaouliza juu ya ala za muziki. Wanavyuoni wamehitilafiana katika jambo hilo, na mimi sitaki kuwapeleka watu nje ya madhehebu yao. Sauti ya kisomo na kasida, na dufu kwa wanaolikubali, inatutosha. Ninachotaka ulione ni kwamba watu wale, walioijenga misikiti mikubwa na kuzifasiri elimu za Wayunani, hawakumwona mgonjwa wa akili kuwa ni mzigo wa kufungiwa. Walimwekea mtu wa kumwimbia, tena wakamlipa mtu huyo kwa mali ya sadaka.

Sisi huku pwani hatukujenga hospitali kama zile. Tulikuwa na chuo, msikiti, baraza na uani kwa akina mama, na katika sehemu hizo nne ndimo ilimowekwa ile akiba niliyoitaja.

Mkumbuke mtoto wa chuoni wa zamani. Hakupewa kitabu akatazama kwa macho tu. Alipewa ubao, kalamu ya utete na wino wa masizi, akaandikiwa herufi, akazifuatisha kwa mkono, akazitamka kwa sauti ya kuimba huku kiwiliwili kikiyumba mbele na nyuma pamoja na wenzake. Akauosha ubao, akaanza upya. (Bakora zilizokuwa zikifuatana na kazi hiyo mimi siisifu hata moja.) Kwa njia hiyo elimu ilimwingia kwa milango mingi: jicho, sikio, ulimi, mkono na mgongo. Madaktari wa leo wanatueleza kwamba kumbukumbu si ghala moja. Kumbukumbu ya mambo yaliyotokea, nani alikuja jana na tulikula nini, hutegemea sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo ambayo Alzheimer huishambulia mapema. Lakini kumbukumbu ya yale ambayo viungo vimeyazoea kwa miaka mingi hukaa kwingineko, na hudumu. Na sehemu za ubongo zinazohifadhi nyimbo za zamani ni katika zile ambazo maradhi huchelewa kuzifikia. Ndiyo maana utamkuta mzee asiyeweza kukutajia majina ya wanawe, na ukianza Alhamdu naye huifuata mpaka mwisho, hakosei irabu. Mjukuu akimwambia "Shikamoo, babu," huitika "Marahaba" kwa adabu yote, ijapokuwa hajui mjukuu huyo ni wa nani.

Baada ya chuo likaja Maulidi. Barzanji, iliyotungwa na Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18, imesomwa katika pwani hii vizazi kwa vizazi, na mtu aliyehudhuria tangu ujana ana mahali pa kusimama, mahali pa kuitikia na harufu ya udi inayofuatana na kila mahali. Kule Lamu, Habib Swaleh Jamalullail, aliyefariki mwaka 1935, aliusimamisha msikiti wa Riyadha, akaeneza Maulidi ya al-Habshi kwa dufu. Wako wanavyuoni wa wakati wake waliolipinga dufu ndani ya msikiti. Habib Swaleh alikuwa pia mjuzi wa dawa, na darasa lake liliwakusanya watu wanyonge ambao mabwana wa mji hawakuwa wakiwafundisha. Sioni ajabu kwamba mtu wa dawa na mtu wa kasida walikuwa mtu mmoja.

Na hebu tuseme neno juu ya kasida ya Burda, inayosomwa Msasani kama inavyosomwa dunia nzima. Al-Busiri aliitunga huko Misri katika karne ya 13, na mapokezi mashuhuri yanasema kwamba aliitunga akiwa amepooza nusu ya mwili, kisha akamwota Mtume (s.a.w.) akimfunika joho, akaamka mzima. Vilevile Mwana Kupona binti Mshamu, mama wa Kiswahili ambaye utendi wake wa mwaka 1858 unajulikana pwani yote, aliutunga kwa ajili ya binti yake akiwa katika maradhi, miaka michache kabla ya kufa. Hawa wawili hawakuwa na demensia, wala mimi sisemi hivyo. Nimewataja kwa sababu siku hizi tumezoea kufikiri kwamba mgonjwa kazi yake ni kupokea tu: kupokea uji, dawa na mito ya kuegemea. Wazee wetu walijua kwamba mgonjwa anaweza kutoa.

Akina mama nao walikuwa na chuo chao uani. Msichana aliwekwa karibu na bibi yake, akapewa miyaa, akafundishwa kusuka ukili, kwanza ule mwembamba, kisha ule wa rangi, na kaumu za ukili zikashonwa zikawa mkeka wa kusalia. Kadhalika kofia za mkono, na kutunga vikuba vya asumini na rehani. Wanaume wa Msasani, kijiji cha wavuvi kabla hakijamezwa na mji, walikuwa na nyavu zao na madema. Namjua mzee mmoja wa upande wa Bonde la Mpunga, mvuvi wa zamani, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiamka usiku kutaka kwenda pwani, akigombana na kila aliyemzuia. Mkwewe mmoja mwenye busara akamletea wavu uliotatuka na sindano yake. Yule mzee aliutazama, akaupapasa, akaanza kuziba matundu fundo kwa fundo, huku akinong'ona uradi aliokuwa akiusoma baharini. Hakupona. Siku iliyofuata hakukumbuka kwamba alishona. Lakini jioni ile alikuwa fundi nyumbani kwake, na watoto walikaa wakamtazama.

Huenda ukasema: je, sanaa ya rangi na picha nayo? Swali hili linatuhusu sisi hasa, kwa kuwa Rasi ya Msasani ndiko ilikoanza sanaa ya uchoraji iliyoijulisha Tanzania duniani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi, akawa mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani kwa wazungu. Mwaka 1968 akaanza kuchora ndege na wanyama juu ya vibao vya dari, kwa rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli, na picha akaziuza penye maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, kwa hiyo kazi yake yote ni ya miaka ipatayo 4. Lakini wanafunzi wake, na wengi wao walikuwa jamaa zake, waliiendeleza. Mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika, na kazi ikaendelea palepale. Walijifunza vipi? Kwa kukaa ubavuni mwa mwalimu na kuigiza, mstari kwa mstari na nukta kwa nukta. Hiyo ni njia ya chuoni.

Katika picha za vyenye roho wanavyuoni wana maneno yao yanayojulikana, na anayejizuia nazo ana hoja. Lakini mlango wa rangi haukufungwa kwa hilo. Watu wetu wana nakshi za milango, wana khati, wana hina na piko, wana maua, mashua na minazi. Mpe mzee brashi na rangi mbili, achore mawimbi au ajaze nakshi ya mlango, na hakuna fakihi atakayekugombeza.

Jambo hili limekwisha jaribiwa, tena katika nchi yetu. Wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Walipokwisha kusawazisha hesabu ya umri, walikuta wazee wapatao 6 katika kila 100 wana demensia. Karibu wote hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana maradhi hayo, na watu wa nyumbani kwao walio wengi waliona ni uzee tu, kama tunavyosema sisi hapa. Basi ikaletwa njia moja ya tiba iliyokuwa imekwisha jaribiwa Uingereza, nayo haina kidonge hata kimoja. Wazee wachache hukusanywa mara 2 kwa juma, kwa majuma 7, jumla ya vikao 14. Kundi hujichagulia jina na wimbo wake, na kila kikao huanza kwa kuimba. Kisha huzungumza juu ya chakula, utoto na methali, na hufanya kazi za mikono. Mwenye kuendesha kikao hukatazwa kumtahini mzee. Haulizi, "Huyu ni nani?" Huuliza, "Wewe unaonaje?" Kule Hai wazee wengi hawakusoma shule, kwa hiyo mambo ya kalamu na karatasi yakabadilishwa, yakaletwa nyimbo na vitu vya shamba na nyumbani wanavyovijua. Waliofanyiwa majaribio walikuwa 34, na matokeo yalitangazwa mwaka 2017: akili zao ziliongezeka nguvu kiasi, na maisha yao yakawa bora kuliko kabla.

Watu 34 si wengi, na Hai si pwani. Lakini ukiondoa majina ya kitaalamu, jambo walilolifanya unalijua. Duara la wazee, wimbo wa pamoja, zamu ya kila mtu kusema, na kazi mkononi: hiyo ni halaka na baraza.

Nchi za nje nazo zina mifano. Mchoraji Mmarekani William Utermohlen, aliyeishi London, aliambiwa mwaka 1995 kwamba ana Alzheimer. Akaendelea kuuchora uso wake mwenyewe mwaka baada ya mwaka, sura ikizidi kupotea katika picha mpaka pakabaki alama chache za kichwa. Alifariki mwaka 2007, na picha zile madaktari wamezichunguza kama ushahidi, maana zinayaonyesha maradhi hayo kwa ndani. Marekani pia, tangu miaka ya 1990, mwalimu wa michezo ya kuigiza, Anne Basting, amekuwa akiwaonyesha wagonjwa picha ya ajabu-ajabu na kuwaambia wasikumbuke, watunge. Mmoja anatoa jina, mwingine anatoa safari, wote wanacheka, na hadithi inaandikwa. Bibi zetu wa paukwa pakawa wasingeona geni hapo. Shirika la Afya Duniani lilipozikusanya mwaka 2019 tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya, wagonjwa wa demensia walikuwemo miongoni mwa walioonekana kunufaika.

Tusizidishe maneno, hata hivyo. Sanaa haiponyeshi Alzheimer, na hakuna dawa inayoiponya mpaka leo. Anayekuuzia kombe au mafuta kwa ahadi ya kumrudishia baba yako akili anakula fedha yako. Na kabla ya yote mpeleke mzee hospitali, kwa sababu uko usahaulifu unaotokana na mambo yanayotibika: upungufu wa vitamini, maradhi ya tezi, maambukizo, huzuni kubwa, au dawa zenyewe anazokunywa. Kumwambia mtu kama huyo kuwa ni uzee tu ni kumdhulumu. Na dhuluma iliyo kubwa kuliko hiyo tunaijua sote: katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu.  Nasi huku chumba kilichofungwa kwa nje tunacho.

Kuna dhuluma nyingine ya kwetu, ambayo nataka kuitaja kwa haraka. Viwanja vya Msasani vimepanda bei, na kuna watoto wanaomshika baba mkono aweke dole gumba kwenye karatasi asiyoijua. Fakihi yeyote atakwambia kwamba biashara ya asiyekuwa na akili haisihi. Tuyaache hayo.

Liko jambo la ibada, ambalo watu huniuliza mara nyingi. Mama anasali adhuhuri mara tatu, au anasali rakaa mbili za isha, au anakabili mlango badala ya kibla, na mwanawe mcha Mungu anamkaripia. Ndugu msomaji, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu ya hesabu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, kwa mtoto mpaka abaleghe, na kwa aliyepotewa na akili mpaka imrudie. Asiyekuwa na akili hatakiwi sala, wala hana deni la sala. Basi unamkaripia kwa lipi? Umekatazwa hata ile sauti ndogo ya kuchoka katika Surat Al-Isra, aya ya 23, na aya hiyo imetaja hasa wakati wazazi wamefikia uzee mbele yako. Mwache asali. Mtandikie ule mkeka, simama mbele yake umsalishe kwa sauti, naye atafuata ruku na sijida kwa sababu mwili wake unazijua. Anayesema kwamba sala hiyo haina maana kwa kuwa akili haipo na anieleze machozi yanayomtoka mama huyo katika dua yanatoka wapi.

Kwa nyumba inayotaka kuanza, haya ndiyo niliyoyaona yanafaa. Wakati mzuri ni baina ya alasiri na magharibi, kwa sababu ndiyo saa ambayo wagonjwa wengi huzidi kuhangaika. Zimeni televisheni, na redio pia. Vipaza sauti viacheni msikitini, maana kelele humvuruga mzee kuliko kijana. Wasiwe watu wengi, watatu au wanne wanatosha, na mmoja wao awe mtoto wa chuoni mwenye sauti nzuri. Walimu wa madrasa wanaweza kuwapanga watoto kwa zamu, Alhamisi jioni, nyumba baada ya nyumba, wakaanza na kasida alizozijua mzee katika ujana wake, si zilizotungwa mwaka jana. Akikosea neno asisahihishwe. Akichoka au akikasirika, acheni, mjaribu siku nyingine. Chetezo cha udi kikae mbali naye asije akaungua. Mama afanyiwe kikuba, apakwe hina kama alikuwa mpenzi wa hina. Na ukimpa ukili, usimpe miyaa mitupu ukamwambia asuke, kwa sababu kuanza ndiko kugumu kwao kuliko kuendelea. Loweka miyaa mapema ilainike, suka wewe shibiri moja ya kwanza, kisha mtie mkononi.